Beseni la Ndagala Halina Tajiri

Serikali iliyoshindwa uchaguzi kwa kawaida hufunga mizigo. Ile ya Rais Pierre Buyoya wa Burundi, mwaka 1993, ilifunga mizigo huku ikitia saini. Tarehe 1 Juni Melchior Ndadaye alimshinda kwenye sanduku la kura. Tarehe 25 mwezi huohuo Burundi ikaridhia Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa mwaka 1951 unaotaka mwanamke na mwanamume wapate ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Tarehe 7 Julai, siku tatu kabla ya makabidhiano, ikatoka Sheria ya Kazi mpya iliyokuwa na likizo ya uzazi ya majuma 12. Tarehe 10 Ndadaye akala kiapo, na waziri mkuu aliyemteua alikuwa mwanamke, Sylvie Kinigi, wa kwanza nchini kukalia kiti hicho. Siku 15 tu, na mwanamke wa Burundi alikuwa na mkataba, sheria na waziri mkuu.

Sasa tushuke Rumonge, kilomita 70 na kitu kusini mwa Bujumbura, barabara ikiwa na Ziwa Tanganyika mkono wa kulia karibu njia nzima. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai mwaka huohuo mwezi ulikuwa mpevu. Kwa mtu wa ofisini hilo ni pambo la anga. Kwa mwambao huu ni habari ya uchumi. Ndagala, yule samaki mdogo ambaye Kigoma wanamwita dagaa, huvuliwa kwa taa gizani: taa huwashwa juu ya maji, samaki hukusanyika chini yake, wavu hupandishwa. Mbalamwezi ikitanda, ziwa zima linakuwa taa moja na samaki hawana sababu ya kuja kwenye karabai ya mtu. Wavuvi hulala, hushona nyavu, hunywa. Wanawake wanaonunua, kuanika na kuuza hukaa bila kitu cha kununua. Kwa hiyo Sheria ya Kazi ya mwaka 1993 ilitoka wakati wa mbalamwezi, siku ambazo mwanamke wa Rumonge hakuwa na kazi wala ujira, na hakuna kifungu ndani yake kilichomtambua.

Silaumu waliomsahau. Sheria ya ujira huanza na mtu anayelipa. Zamani Waswahili walimwita mtu huyo tajiri, hata kama hakuwa na utajiri wa kutosha kujaza kiganja: nani tajiri wako, maana yake nani anakulipa. Mkataba namba 100 unamwambia tajiri asibague. Beseni la ndagala halina tajiri. Lina bei, lina deni, lina jua na mvua, na aliyelibeba kichwani ndiye anayejilipa kwa kitakachobaki. Kitakachobaki, kwa zaidi ya miaka mia moja, kimeamuliwa na mambo ambayo hayaandikwi kwenye hati ya mshahara.

Rumonge ni mji wa zamani kuliko barabara yake. Mapadre Weupe walipofika mwaka 1879 kuanzisha misheni yao ya kwanza katika nchi hii waliichagua Rumonge, na tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misheni hiyo wakauawa hapo kwa ugomvi wa mtoto waliyemkomboa utumwani. Ulikuwa mwambao wa mitumbwi ya Ujiji, wa wafanyabiashara wa pembe na watu, na wa mafuta ya mawese, bidhaa ambayo msafiri Burton aliikuta sokoni Ujiji mwaka 1858. Kutoka kwa misafara hiyo mji ulibaki na misikiti, na lugha unayoisoma hapa, ambayo vilimani juu, kwa Kirundi, iliwahi kuwa jina la kejeli: Mswahili, mtu mjanja wa mjini asiye na ng'ombe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani waliwaondoa watu mwambaoni kwa sababu ya malale. Wabelgiji wakawakuta wakirejea, wakaanza kuhesabu vichwa vya kutoza kodi. Na hapa ndipo pesa ya mwanamke inapotokea katika maandishi ya serikali kwa mara ya kwanza. Haikutokea kama ujira. Ilitokea kama tuhuma.

Katika miji ya Kongo ya Ubelgiji, na Usumbura, Bujumbura ya leo, iliyokuwa ikitawaliwa kwa mkono huohuo, iliwekwa kodi juu ya wanawake wasio na mume. Karatasi ziliwaita wanawake "wanaoishi peke yao kwa nadharia". Hilo neno nadharia lilisema kila kitu: mkusanya kodi hakuamini kwamba mwanamke anaweza kuishi peke yake na akapata kula kwa njia ya halali. Mjane aliyeuza vitumbua, mtalaka aliyeuza ndagala za Rumonge, wote waliwekwa fungu moja na malaya. Kisha amri ya mwaka 1950 dhidi ya ndoa za wake wengi ikaongeza kuni kwenye moto, maana mke wa pili, ambaye dini yake ilimhesabu kuwa mke, mbele ya karani naye alikuwa mwanamke wa peke yake kwa nadharia.

Mtaa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Usumbura, ndio uliokataa. Katikati ya miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi, wengi wao wajane na watalaka, waliinua sauti dhidi ya kodi ile. Kiasi cha pesa kiliwauma, lakini kilichowachoma zaidi ni maana yake: kulipa kodi ile kulikuwa kukiri. Kwa maoni yangu hilo ndilo tukio la kwanza la kudai haki ya jasho la mwanamke katika mji huu, na inashangaza kwamba vitabu vya shule havina nafasi nalo. Hawakuwa wakiomba waongezwe chochote. Walitaka pesa waliyoichuma itambuliwe kuwa ni ya kazi.

Miaka ileile ziwa lilikuwa likibadilika. Uvuvi wa kale ulikuwa wa lusenga, wavu wa mkono wenye mpini, na moto wa kuni ukiwaka puani mwa mtumbwi. Katika miaka ya 1950 Wagiriki wa Usumbura walileta meli na nyavu za kuzungusha, na wavuvi wa kawaida wakaanza kuunganisha mitumbwi miwili na kuning'iniza wavu katikati, taa za mafuta zikichukua nafasi ya kuni. Baadaye vikaja vyombo vikubwa zaidi ambavyo Burundi huviita apolo. Mavuno yakaongezeka, na kazi ya nchi kavu ikaongezeka pamoja nayo, maana ndagala hasubiri. Akitua alfajiri na hajaanikwa, jioni ananuka.

Wavu mkubwa una mwenyewe, na hapo mgawo ukawa na ngazi. Mwenye chombo huchukua fungu lake na gharama za mafuta, mabaharia hugawana lao. Mwanamke hayumo katika mgawo. Kwa desturi hapandi chombo cha uvuvi, na asiyepanda hana fungu. Yeye anaanzia mchangani, kama mnunuzi.

Mtazame kwa karibu. Saa kumi na moja alfajiri, taa za apolo zinarudi moja moja. Wanawake wamesimama maji yakiwafika magotini, kila mmoja na beseni lake, na wenye watoto wachanga wamewafunga mgongoni kwa mbeleko, kitambaa kingine kikiwa kimefunika kichwa cha mtoto kwa sababu ya upepo wa ziwa. Bei haiulizwi kwa sauti. Mwenye chombo anatazama sura, anajua nani ana pesa mkononi na nani atakopa, na anayekopa anauziwa kwa bei ya mkopo. "Nitakulipa Jumanne." "Jumanne ya mwezi gani, dada?" Wote wanacheka, na deni linaandikwa kichwani. Kuna wanaobeba tu, kutoka chomboni hadi mahali pa kuanika, na malipo yao mara nyingi ni konzi ya samaki. Kisha ndagala humwagwa na kutandazwa kwa viganja, mkono ukizunguka kana kwamba unapaka rangi, samaki mmoja asilale juu ya mwenziwe. Hugeuzwa. Hulindwa dhidi ya ndege, mbuzi na kuku. Mtoto akilia, hunyonyeshwa hapohapo kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, jicho moja likiwa kwenye wingu. Mvua ikinyesha saa nane mchana, kazi ya siku nzima inageuka chakula cha kuku, na deni la alfajiri linabaki lilivyo.

Baharia aliyevuta wavu usiku ameshalala. Hasara ya mvua si yake. Ukitaka kujua tofauti ya ujira kati ya mwanamume na mwanamke wa Rumonge, iko hapo kwenye wingu: mmoja amelipwa samaki walipotua, mwingine atalipwa wakikauka.

Lakini ziwa ni nusu ya mji. Nusu ya pili ni michikichi, na huko historia ni ya damu.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi waliingia mwambao wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua. Jibu la serikali ya Rais Micombero lilienea nchi nzima na kudumu miezi. Waliouawa hukadiriwa kati ya laki moja na laki tatu, wengi wao Wahutu, wanaume wenye elimu yoyote wakiwa wa kwanza kutafutwa. Warundi wanaiita Ikiza, janga. Watu wa mwambao walivuka kwenda Tanzania, wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba yalibaki na michikichi imesimama, na ardhi ambayo mwenyewe hayupo haikukaa muda mrefu bila mwenyewe mpya. Wengine walipewa na serikali, wengine walijipa. Miaka iliyofuata mradi mkubwa wa michikichi ulipangwa hapo Rumonge, viwanja vikagawiwa upya, na mawese ya Rumonge yakawa yanapika chakula cha nchi nzima na kulisha viwanda vya sabuni.

Kazi ya mawese nayo ina mpaka wa kijinsia ulio wazi kama wa ziwa. Kupanda mchikichi na kuangusha mkungu ni kazi ya mwanamume, hulipwa kwa mkungu au kwa siku. Kubeba mikungu, kuchambua chikichi, kuchemsha, kukamua, kuchuja na kugonga kokwa mpaka mise itoke ni kazi ambayo wanawake wengi wameifanya, mara nyingi ndani ya shamba la mume, na kazi ya shamba la mume haiitwi ajira. Inaitwa ndoa.

Wakimbizi walipoanza kurudi kwa maelfu katika miaka ya 2000, Rumonge ikawa mojawapo ya sehemu zenye kesi nyingi za ardhi nchini. Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006. Watu wawili, mchikichi mmoja, kila mmoja na haki yake na makaburi yake. Lakini ndani ya ugomvi huo wa wanaume wawili mara nyingi alikuwamo mtu wa tatu: binti au mjane aliyerudi kutoka Katumba bila baba wala kaka. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya urithi wa ardhi, na rasimu yake imekaa kabatini miaka mingi. Mila ndiyo inayoamua, na mila inamwona binti kuwa mgeni aliyekwisha kuolewa. Mwanamke huyo anaweza kufanya kazi ndani ya shamba la baba yake kama kibarua wa siku. Kwa hiyo ukimuuliza kwa nini anapata pungufu ya mwanamume aliye shamba hilohilo, jibu haliko kwenye ujira. Mmoja anauza mafuta, mwingine anauza siku zake.

Na siku, kwa mujibu wa serikali, inagharimu kiasi gani? Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku Bujumbura na Gitega, faranga 105 kwingineko, maana yake Rumonge ni 105. Hakikurekebishwa mwaka 1993, wala vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, wala miongo mitatu baadaye, faranga ilipokuwa imeporomoka kiasi kwamba 160 haikufika hata sehemu ya kumi ya dola. Nimewahi kusikia watu wakijisifu kwamba kima hicho hakibagui, ni kimoja kwa mke na mume. Ni kweli. Usawa wa faranga 105 ni usawa kamili.

Tuwe waadilifu kwa karatasi. Katiba ya mwaka 2005, iliyokuja kuelekea mwisho wa vita vilivyoanza kwa kuuawa Ndadaye Oktoba 1993, ilisema mwenye uwezo sawa alipwe sawa kwa kazi sawa, na iliwatengea wanawake asilimia 30 ya viti bungeni. Sheria ya Kazi ya Novemba 2020 imebeba likizo ya uzazi na muda wa kunyonyesha kazini. Mwalimu wa kike wa shule ya serikali, muuguzi wa hospitali, karani wa tarafa, hawa wamo ndani ya ngazi za mishahara ya umma, na ngazi hizo hazina jinsia. Wanapumzika wakijifungua na wanarudi. Wakishuka sokoni jioni kununua samaki aina ya mukeke, wanamkuta muuzaji aliyejifungua mwezi uliopita, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto akiwa ndani ya katoni iliyotandikwa kitenge.

Tarehe 24 Oktoba 1975 wanawake wa Iceland, kisiwa ambacho nacho huishi kwa samaki, waliacha kazi zote kwa siku moja, za ofisini na za nyumbani. Tisa kati ya kumi walishiriki. Viwanda vya samaki vikasimama, maana wanaosafisha samaki walikuwa wanawake, na wanaume wakaenda kazini na watoto wao mkononi. Mwaka uliofuata bunge la huko likapitisha sheria ya usawa. Nimejiuliza mara nyingi kama ingewezekana Rumonge. Kuacha kazi kunahitaji mtu atakayeumia usipokuja, na asiwe mtoto wako. Siku ambayo wanawake wa Rumonge watakaa nyumbani, mwenye apolo atapata hasara, ni kweli, samaki wake watanuka. Lakini atakuwa na chombo kesho. Mwanamke atakuwa na deni la jana.

Mabadiliko makubwa kuliko yote ya karibuni hayakuja kwa mgomo wala kwa kifungu. Yalikuja kwa wavu wa chuma. Kwa vizazi ndagala walianikwa juu ya mchanga wenyewe, na kila aliyekula ndagala za zamani anakumbuka ule mchanga menoni. Tangu mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kueneza chanja: nguzo, wavu wa chuma juu yake, kimo cha kama mita moja kutoka ardhini. Upepo hupita chini na juu, samaki hukauka kwa saa kama nane, kuku hafiki, na mvua ikitishia hufunikwa kwa turubai. Hesabu za shirika hilo zinasema kilo moja ya ndagala za chanja ilipanda kutoka faranga 4,000 mwaka 2004 hadi 9,000 mwaka 2013, na waanikaji kutoka 500 hadi 2,000. Faranga nazo zilikuwa zikishuka thamani miaka hiyo, tusisahau. Hata hivyo ukiondoa mchanga na hasara ya mvua umemwongezea mwanamke pesa bila kumwomba mtu ruhusa. Saa nane nazo zilikuwa na thamani yake: aliyeanika asubuhi angeweza kuwahi kuwapikia watoto usiku.

Lakini chanja inasimama juu ya ardhi. Nguzo zinanunuliwa, wavu unanunuliwa, na kiwanja cha pwani kina mwenyewe au kina sheria. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika ziachwe wazi. Kwa msitu wa mwambao ni amri njema. Kwa mtu ambaye ofisi yake ni mchanga ulio mita 20 kutoka majini, ni kuishi kwa kuvumiliwa.

Mwezi Mei 2017 serikali ikatangaza kwamba wote wanaoishi kinyumba wafunge ndoa kabla ya mwaka kwisha. Lengo, walisema, ni maadili. Mwambaoni, ambako mke wa pili mwenye beseni lake na watoto wake si jambo la ajabu, waliosikia tangazo lile walikuwa wajukuu wa wale wa Buyenzi. Kwa mara nyingine karani alikuwa akiuliza mwanamke analala na nani, kabla ya kuuliza anakula kwa kazi gani.

Kisha ziwa lenyewe likaingilia. Maji ya Tanganyika yalipanda mwaka hadi mwaka, na kufikia mwaka 2024 yalikuwa kwenye kimo ambacho wazee walikilinganisha na kile cha miaka ya 1960. Rumonge ilipoteza nyumba za pwani. Mahali pa kuanika pakawa mahali pa kuogea bata. Upande wa pili wa mpaka, Tanzania ililifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, samaki wapate kuzaliana, hatua iliyokubaliwa na nchi zinazolizunguka kwa sababu mavuno yamepungua kweli. Mbalamwezi ya miezi mitatu. Mvuvi asiye na kazi huhesabiwa katika mipango ya namna hiyo, walau kwa maneno. Mwanikaji huhesabiwa ndani ya "na wengineo".

Palipobaki mchanga, chanja zilisogezwa. Nguzo ziling'olewa zikiwa bado na matope ya ziwa, zikabebwa vichwani hadi kandokando ya barabara, zikachimbiwa upya karibu na ukuta wa mtu ambaye bado hajasema lolote. Wavu ukakazwa kwa waya na vipande vya matairi. Msichana wa miaka kama kumi aliwekwa chini yake na fimbo ndefu ya kufukuzia kuku, mdogo wake akiwa amelala kwenye beseni tupu pembeni yake, na mama akashuka tena majini, maana apolo ya mwisho ilikuwa inazima taa.